Kilatini Katika Majina ya Viumbe Wadogo Wasioonekana: Sarufi Yake na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya upili anapokutana kwa mara ya kwanza na jina Plasmodium falciparum katika somo la biolojia, aghalabu hulikariri bila kujiuliza limetoka wapi wala lina maana gani. Huliandika katika karatasi ya mtihani, akapata alama yake, kisha akalisahau. Mwenzake anayesomea Kiswahili chuoni, ambaye kuchambua maneno ndiyo kazi yake ya kila siku, naye huliacha jina hilo mikononi mwa wanasayansi kana kwamba si neno la lugha yoyote. Hali hii ni ya kusikitisha, kwa sababu majina ya aina hii ni maneno kamili. Yana mizizi na viambishi, yana makundi yanayofanana na ngeli, na yanafuata upatanisho wa kisarufi ambao mwanafunzi yeyote wa lugha za Kibantu anapaswa kuutambua mara moja.

Makala haya yanachunguza asili ya majina ya kisayansi ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, yaani bakteria, vimelea wa seli moja, kuvu na virusi. Yanaeleza jinsi majina hayo yalivyoundwa na jinsi sarufi ya Kilatini inavyoyatawala. Aidha, yanabainisha kuwa sehemu kubwa ya msamiati uliomo si wa Kilatini kwa asili: upo wa Kigiriki, yapo majina ya watu, na yapo maneno ya Kimaasai, Kimakonde na hata Kiswahili. Hoja inayojengwa ni kwamba Kilatini kilidumu katika kazi hii kwa sababu ya uthabiti wa sarufi yake na wala si kwa sababu ya usafi wa msamiati wake. Hoja hiyo ina uzito kwa yeyote anayeshughulikia istilahi za Kiswahili au kutafsiri maandishi ya afya kwa umma.

Chimbuko la utaratibu wa majina

Mtu wa kwanza kuacha maelezo ya kina kuhusu bakteria hakukijua Kilatini. Antonie van Leeuwenhoek alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Delft, Uholanzi, na lugha aliyoiandika ilikuwa Kiholanzi pekee. Mwaka 1676 aliiandikia Royal Society ya London barua ndefu iliyoeleza viumbe wadogo aliowaona kwa lenzi alizozitengeneza mwenyewe. Aliwaita vijinyama kwa lugha ya kwao. Wasomi wa Ulaya walipozipokea habari hizo waliwaita animalcula, neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo: animal ni mnyama, na kiambishi tamati kilichoongezwa kinadunisha ukubwa wake, kama vile kiambishi awali ki- kinavyofanya katika neno kijitu au kijito.

Kwa nini Kilatini? Katika karne ya 17 na ya 18 lugha hiyo haikuwa tena lugha ya mama ya jamii yoyote, lakini ilikuwa lugha ya vyuo vikuu vya Ulaya. Msomi wa Uswidi, wa Italia na wa Ujerumani waliweza kuandikiana kwa lugha hiyo wakaelewana. Zaidi ya hayo, lugha isiyozungumzwa sokoni haibadiliki upesi: maana ya neno iliyowekwa leo itabaki vivyo hivyo baada ya miaka mia moja.

Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi aliyeishi kati ya mwaka 1707 na 1778, ndiye aliyeupa utaratibu huu umbo tunalolijua. Kabla yake mmea mmoja uliweza kuitwa kwa sentensi nzima ya maelezo. Katika kitabu chake Species Plantarum cha mwaka 1753, kila mmea alioutaja alikuwa ameupa jina la maneno mawili: la kwanza ni la jenasi na la pili ni la spishi. Mwaka 1758 aliutumia utaratibu huo kwa wanyama. Hata hivyo, viumbe wa Leeuwenhoek walimshinda. Katika toleo la 12 la kitabu chake Systema Naturae, mwaka 1767, aliwakusanya wengi wao katika jenasi moja na kuiita Chaos, neno la Kigiriki linalodokeza vurugu na hali isiyo na umbo. Jina hilo lilikuwa kukiri kwamba elimu ya wakati ule haikuwa na la kusema juu yao.

Kazi ya kuwapanga ilifanywa na waliomfuata. Otto Friedrich Müller wa Denmark, ambaye kitabu chake kikuu juu ya viumbe hawa kilichapishwa mwaka 1786 baada ya kifo chake, ndiye aliyetumia jina Vibrio kwa wale waliokuwa wakitikisika ndani ya maji. Kitenzi cha Kilatini vibrare maana yake ni kutikisika. Mjerumani Christian Gottfried Ehrenberg aliunda jina Bacterium mwaka 1828, na Ferdinand Cohn akaliweka jina Bacillus katika matumizi yake ya kisayansi mwaka 1872.

Majina yanayotokana na maumbo

Wataalamu hao wa mwanzo hawakuwa na njia ya kuchunguza jeni wala kemia ya bakteria. Walichokuwa nacho ni macho na hadubini, na kwa hiyo waliyaita waliyoyaona kwa kuyafananisha na vitu vya nyumbani. Bacterium linatokana na Kigiriki bakterion, yaani fimbo ndogo. Bacillus ni Kilatini, na maana yake pia ni fimbo ndogo. Majina haya mawili, ambayo leo yana matumizi tofauti kabisa, yalikuwa tafsiri ya wazo moja katika lugha mbili. Mtu akiyaleta katika Kiswahili atapata neno moja tu, kijiti.

Kundi jingine ni la bakteria wa mviringo. Kokkos ni punje kwa Kigiriki. Theodor Billroth, daktari wa upasuaji wa Vienna, aliona mwaka 1874 punje zilizoshikana kama mkufu akaziita Streptococcus, kutokana na streptos, yaani kilichosokotwa. Alexander Ogston, daktari wa upasuaji wa Aberdeen, Uskoti, naye aliona katika usaha wa wagonjwa wake punje zilizorundikana, na mwaka 1882 akatumia jina Staphylococcus. Staphyle ni kichala cha zabibu. Mwaka 1884 Friedrich Julius Rosenbach alizikuza punje hizo, akaona baadhi zinafanya rangi ya dhahabu, akaongeza neno aureus. Mwanafunzi anayejua hayo hana haja ya kukariri. Staphylococcus aureus kwake ni kichala cha punje za dhahabu, na mara moja anajua atakachokiona chini ya hadubini.

Vimelea wa Afrika nao waliitwa kwa njia hiyo. Kimelea anayeleta malale yumo katika jenasi Trypanosoma. Trypanon ni kekee, chombo cha seremala cha kutobolea mbao, na soma, neno linaloweza kumchekesha msomaji wa Kiswahili, ni mwili kwa Kigiriki. Jina lote linaeleza mwili unaojipinda na kusonga kama kekee. Katika falciparum yamo maneno mawili ya Kilatini: falx, yaani mundu, na parere, yaani kuzaa. Hatua ya uzazi ya kimelea huyo katika damu ya mgonjwa ina umbo la mundu, na umbo hilo ndilo linalomsaidia mtaalamu wa maabara kumtofautisha na wenzake.

Katika mifano hii yote Kigiriki kimeshinda Kilatini kwa wingi wa mizizi. Kilatini kimetoa miisho: neno bakterion limekuwa bacterium, na kokkos limekuwa coccus. Neno la kigeni limevishwa kiambishi cha mwenyeji, kisha likaruhusiwa kuishi humo. Wanaisimu wa Kiswahili wanaufahamu utaratibu huu, kwa kuwa ndio uliolifanya neno la Kiarabu kitab kuwa kitabu, na wingi wake kuwa vitabu.

Upatanisho wa kisarufi

Nomino za Kilatini zimegawika katika makundi matatu: jinsia ya kiume, ya kike na ile isiyo ya kiume wala ya kike, ambayo hapa itaitwa jinsia ya kati. Mgawanyo huu ni wa kisarufi, na kwa vitu visivyo na uhai haufungamani na maumbile. Kazi yake inafanana na ya ngeli: nomino hulazimisha kivumishi kinachoandamana nayo kibadilike. Kiswahili husema mti mweupe, kiti cheupe na jiwe jeupe. Kilatini nacho husema albus kwa nomino ya kiume, alba kwa ya kike na album kwa ya kati.

Historia ya kimelea anayesababisha kaswende inalithibitisha jambo hili. Mwaka 1905 Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann walimgundua na kumweka katika jenasi Spirochaeta. Kwa kuwa alikuwa hafifu wa rangi, waliongeza kivumishi chenye maana ya kupauka, na kwa kuwa Spirochaeta ni ya jinsia ya kike, kivumishi hicho kikawa pallida. Katika mwaka huo huo Schaudinn alimhamishia katika jenasi mpya, Treponema, yaani uzi unaogeuka. Jina hili linaishia kwa -a, lakini ni la Kigiriki na la jinsia ya kati. Kivumishi kikabadilika, na hadi leo kimelea huyo huitwa Treponema pallidum. Asiyejua sarufi atadhani kuna majina mawili yasiyohusiana. Anayejua kwamba kipofu na kiongozi ni nomino za A-WA japo zinaanza kwa ki- hatashangaa kuona umbo la neno likimdanganya msomaji kuhusu kundi lake.

Kielelezo kilicho kamili zaidi kimo katika vimelea wa malaria wanaoambukiza binadamu. Plasmodium ni nomino ya jinsia ya kati. Falciparum ni kivumishi kilichopatana nayo kwa -um. Ovale, yaani enye umbo la yai, ni kivumishi cha kundi jingine ambacho mwisho wake wa jinsia ya kati ni -e. Vivax, yaani enye uhai na wepesi, ni kivumishi kisichobadilika katika jinsia zote tatu, mithili ya vivumishi vya Kiswahili kama hodari na safi. Malariae si kivumishi: ni nomino iliyo katika hali ya umilikishi, yenye maana ya ‘wa malaria’. Knowlesi nayo ni umilikishi, ‘wa Knowles’, kwa heshima ya daktari Robert Knowles aliyefanya utafiti wake India. Kwa hiyo majina matano ya jenasi moja yanatosha kumfundisha mwanafunzi sehemu kubwa ya sarufi inayohitajika kuyasoma majina mengine yote.

Nomino iliyo katika umilikishi haibadiliki hata kiumbe anapohamishwa kutoka jenasi moja hadi nyingine. Theodor Escherich alipomweleza bakteria wa utumbo mwaka 1885, alimweka katika Bacterium na kumwongezea neno coli, yaani ‘wa utumbo mpana’. Mwaka 1919 jenasi mpya, Escherichia, iliundwa kwa heshima yake na Aldo Castellani na Albert Chalmers. Castellani huyu ndiye aliyekuwa Entebbe, Uganda, mwaka 1902 na 1903 akichunguza malale. Jina la jenasi lilibadilika, likatoka jinsia ya kati hadi ya kike, ilhali coli ilibaki vile vile.

Majina ya watu, na makosa yaliyohifadhiwa

Si kila jina linaeleza umbo. Mengi ni kumbukumbu za watu. Salmonella halihusiani na samaki yeyote: limetokana na Daniel Elmer Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani. Shigella ni la Kiyoshi Shiga wa Japani, na Brucella ni la David Bruce, ambaye pia yumo katika Trypanosoma brucei. Kiambishi -ella ni cha udogo na cha jinsia ya kike, kwa hiyo mabwana hawa wote wamegeuzwa na sarufi kuwa nomino ndogo za kike. Jina Rickettsia prowazekii, la bakteria anayeenezwa na chawa na kuleta homa kali ya tifasi, lilitolewa mwaka 1916 na Henrique da Rocha Lima wa Brazili. Linawakumbuka watu wawili: Howard Ricketts, aliyefariki Mexico mwaka 1910, na Stanislaus von Prowazek, aliyefariki mwaka 1915. Wote wawili waliuawa na homa hiyo waliyokuwa wakiichunguza.

Wahenga walisema jina jema hung’aa gizani. Lakini jina baya nalo hudumu. Mwaka 1892 Richard Pfeiffer wa Ujerumani aliona bakteria katika makohozi ya wagonjwa wa homa ya mafua, akaamini kwamba amepata kisababishi cha ugonjwa huo. Bakteria huyo hatimaye aliitwa Haemophilus influenzae, yaani ‘mpenda damu wa influenza’. Wakati wa janga la mwaka 1918 madaktari wengi walimwamini Pfeiffer, na baadhi ya chanjo zilizotengenezwa wakati huo zilimlenga bakteria huyo. Mwaka 1933 watafiti wa Uingereza walithibitisha kwamba homa ya mafua ya binadamu huletwa na kirusi. Jina la bakteria halikubadilishwa, kwa sababu kanuni za kimataifa haziruhusu jina lililochapishwa kihalali kufutwa kwa kuwa tu maana yake haifai. Uthabiti wa majina umepewa uzito kuliko usahihi wa maana.

Hapa ndipo mfasiri wa Kiswahili anapopaswa kuwa macho. Nchini Kenya chanjo dhidi ya aina b ya bakteria huyu imekuwa ikitolewa kwa watoto wachanga tangu mwaka 2001. Inawakinga dhidi ya nimonia na homa ya uti wa mgongo zinazoletwa na bakteria huyo. Mfasiri atakayeona neno influenzae na kuandika kwamba hii ni chanjo ya homa ya mafua atakuwa amefasiri neno kwa uaminifu na kumpotosha mama aliyembeba mtoto. Mama huyo, mtoto akipata mafua mwezi unaofuata, ana sababu ya kudhani kwamba chanjo haifanyi kazi, na huenda asirudi kwa chanjo inayofuata. Etimolojia ya jina ni elimu inayofaa, lakini haiwezi kuchukua mahali pa ujuzi wa kile kinachotajwa.

Hata neno malaria lina kosa ndani yake. Limetoka katika Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya, kwa kuwa watu waliamini kwamba homa hiyo huletwa na mvuke wa vinamasi. Alphonse Laveran alikiona kimelea chake Algeria mwaka 1880, na Ronald Ross akaonyesha India mwaka 1897 kwamba kimelea huyo hukua ndani ya mbu. Hewa ilisafishwa lawama, lakini jina likabaki, na kupitia malariae likaingizwa katika jina la kimelea mwenyewe.

Afrika Mashariki ndani ya Kilatini

Msomaji anaweza kudhani kwamba mambo haya yote ni ya Ulaya. Ukweli ni kwamba ardhi na lugha za Afrika Mashariki zimo ndani ya majina hayo. Katika Ziwa Bogoria alipatikana bakteria anayestahimili maji ya magadi, naye mwaka 1997 akaitwa Bogoriella caseilytica. Kiambishi -ella kilichowageuza kina Salmon na Shiga ndicho kilicholigeuza jina la ziwa. Katika Ziwa Magadi alipatikana kiumbe wa kundi la akea ambaye mwaka 1984 aliitwa Natronobacterium magadii, kisha mwaka 1997 akahamishiwa jenasi Natrialba. Magadii ni umilikishi wa Kilatini, ‘wa Magadi’. Neno magadi ndilo hilo hilo analolitumia mpishi wa Kiswahili anapotaka maharagwe yaive upesi, na sasa limenyambuliwa kwa sarufi ya Warumi.

Virusi vina kanuni zake. Kamati ya kimataifa inayosimamia uainishaji wa virusi iliidhinisha mwaka 2021 utaratibu wa majina ya maneno mawili kwa spishi zote, bila kulazimisha kwamba neno la pili liwe la Kilatini. Hata hivyo, wataalamu wengi wamechagua miisho ya Kilatini. Virus ni nomino ya jinsia ya kati, kwa hiyo kivumishi cha mahali kinachotokana nalo huishia kwa -ense. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo kirusi chake kilitambuliwa karibu na Ziwa Naivasha na kuelezwa mwaka 1931, leo inatajwa kwa jina la spishi Phlebovirus riftense. Ugonjwa wa kondoo uliotambuliwa Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20 umetoa jina Orthonairovirus nairobiense. Nairobi, kama inavyojulikana, ni neno la Kimaasai linalohusu ubaridi wa maji. Msitu wa Zika karibu na Entebbe, ambako kirusi kilipatikana mwaka 1947, umetoa Orthoflavivirus zikaense. Kimakonde nacho kimeingia bila hata kuvishwa kiambishi: Alphavirus chikungunya linabeba neno walilolitumia Wamakonde wa Tanganyika katika mlipuko wa mwaka 1952, likieleza jinsi maumivu ya viungo yanavyompinda mgonjwa.

Ikumbukwe kwamba heshima ya mahali kutajwa inaweza pia kuwa mzigo. Orthoebolavirus zairense linataja nchi ambayo jina lake lilikoma mwaka 1997, na litaendelea kuifungamanisha na ugonjwa wa kutisha. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 likiomba magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali, ya watu wala ya wanyama. Mwongozo huo unahusu majina ya magonjwa, na hauyafuti majina ya kisayansi yaliyokwisha kuidhinishwa.

Kilatini ndani ya Kiswahili

Mkondo huu hauendi upande mmoja tu. Kiswahili kimepokea maneno ya Kilatini kupitia Kiingereza, na kimeyatendea kwa sarufi yake. Katika Kilatini bacteria ni wingi wa bacterium. Kiswahili kimeuchukua wingi huo na kuutumia kwa umoja na wingi pia: bakteria mmoja, bakteria wengi. Wingi wa Kilatini umepoteza alama yake, kwa kuwa -a mwishoni haiashirii wingi kwa Mswahili.

Kisa cha virus kinavutia zaidi. Warumi walilitumia neno hili kwa maana ya sumu au ute mbaya, na kama maji au moshi, halikuwa na wingi katika matumizi yao. Lilipoingia katika Kiswahili likawa virusi, na silabi yake ya kwanza ikafanana na kiambishi cha wingi cha ngeli ya KI-VI. Wazungumzaji wakalichukulia kuwa wingi, wakaunda umoja wake: kirusi kimoja, virusi viwili. Neno lililokuwa na umoja pekee likapewa umoja mpya uliotokana na wingi wa kudhaniwa. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa kosa, hasa kwa kuwa Kirusi pia ni lugha ya Warusi. Lakini ni ushahidi kwamba sarufi ya Kiswahili ingali hai na ina uwezo wa kumfanya mgeni afuate desturi za nyumba.

Funzo kwa waundaji wa istilahi

Mjadala wa istilahi za Kiswahili ni wa muda mrefu. Utaratibu ambao umependekezwa mara nyingi ni kutafuta neno kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Kazi kubwa imefanywa kwa misingi ya aina hiyo, ikiwemo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1990. Hata hivyo, baadhi ya washiriki wa mjadala huu huona kila neno lililokopwa kuwa dalili ya udhaifu. Historia ya majina yaliyojadiliwa hapa haiungi mkono hofu hiyo. Kilatini kilikopa Kigiriki bila haya, kikakopa majina ya watu na ya maziwa, na kisha kikayatawala yote kwa viambishi na upatanisho wake.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanaweza kupendekezwa. Kwanza, jina la kisayansi la maneno mawili liachwe katika maandishi yake ya asili hata ndani ya matini ya Kiswahili. Mtaalamu wa maabara wa Kisumu na wa Tokyo wanalihitaji liwe lile lile. Upatanisho wa Kiswahili utokane na nomino inayolitangulia: kimelea Plasmodium vivax anaishi, kirusi Alphavirus chikungunya kinaenea.

Pili, jina la kawaida la Kiswahili liundwe kutokana na ujuzi wa kitu chenyewe, wala lisiwe tafsiri ya jina la Kilatini. Kiswahili kina nyenzo za kutosha. Neno kimelea limetokana na kitenzi mea, kikaongezwa kauli ya kutendea, melea, kisha kikapewa kiambishi cha ngeli: ni kile kinachomea juu ya kingine. Neno kipindupindu limejengwa kwa kitenzi pindua kilichorudufishwa. Wamakonde walitumia mbinu iyo hiyo ya kitenzi katika chikungunya, na Müller aliitumia katika Vibrio.

Tatu, idara za Kiswahili zinazofundisha tafsiri ziwape wanafunzi wao angalau mizizi na miisho michache ya Kilatini na Kigiriki inayotumika katika sayansi. Orodha ya mizizi hamsini ingetosha kumwezesha mfasiri kujua lini jina linaeleza umbo, lini linamkumbuka mtu, na lini linahifadhi kosa la kale kama ilivyo katika Haemophilus influenzae.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba majina ya viumbe wadogo yanaweza kuchambuliwa kwa nyenzo zile zile ambazo mwanafunzi wa Kiswahili anazo tayari: mzizi, kiambishi, ngeli na upatanisho. Yamebainisha pia kwamba Kilatini cha sayansi ni lugha iliyojaa wageni, wakiwemo wa kutoka Magadi, Nairobi na uwanda wa Wamakonde, na kwamba wageni hao wote wamepangwa kwa kanuni zinazojulikana. Tangu tarehe 1 Januari 2012 wataalamu wa mimea, miani na kuvu hawalazimiki tena kueleza spishi mpya kwa Kilatini, lakini majina yenyewe yangali yanafuata sarufi hiyo. Wasomi wa Kiswahili wana wajibu wa kuhakikisha kwamba mwananchi anayepewa dawa au chanjo anaelezwa kwa lugha anayoielewa kile kinachomdhuru na kile kinachomkinga. Wajibu huo hautatimizwa ikiwa watayaacha majina haya yabaki sauti za kukaririwa.